Kusikiliza, kuzamia, kutega kamera au kukaa dikoni: njia nne za kuwajua samaki wa pwani kwa anayeishi Arusha au Moshi

Ukiwa Arusha au Moshi na ukaamua kusoma samaki wa pwani, bahari yako ya karibu ni ya Tanga na Pangani. Kutoka Moshi ni kama kilomita 350 kwa barabara ya Same, Mombo, Korogwe na Segera. Kutoka Arusha zinavuka 400. Hutashuka kila wiki. Utakwenda mara chache, utalala siku chache, utapanda basi kurudi, na samaki wataendelea kula, kutaga na kugombania maeneo yao wewe ukiwa haupo.

Miongozo mingi ya kuchagua njia ya utafiti wa samaki imeandikwa na watu wanaoamka na kuiona bahari, kwa hiyo umbali hauzungumzwi. Kwetu umbali ndio wa kwanza kuzungumzwa. Hapa nalinganisha njia nne kwa macho ya mtu anayeishi chini ya Meru au Kilimanjaro: kusikiliza sauti za samaki kwa kinasa kinachoachwa chini ya maji, kuzamia na kuhesabu kwa macho, kutega kamera yenye chambo, na kukaa dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, kupima wanachokileta wavuvi. Kila moja ina kitu inachokiona ambacho nyingine tatu hazikioni.

Kwanza, habari ya sauti yenyewe

Kuzamia, kamera na diko vinajieleza. Kusikiliza kunahitaji maelezo kidogo, maana wengi bado wanaamini kwamba chini ya bahari ni kimya.

Sauti husafiri majini kwa kasi ya mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Mwanga nao huishiwa nguvu haraka, na kwenye maji ya tope ya mikokoni unaweza usione hata mkono wako. Ndiyo maana samaki wengi huwasiliana kwa sauti. Baadhi hutetemesha kibofu cha hewa kwa misuli maalumu na kutoa mlio mzito. Karamamba na jamaa zake husaga meno ya kooni, na mvuvi anayewatoa kwenye ndoana huwasikia wakikoroma mkononi mwake. Hongwe husugua mwiba wa pezi la kifuani kwenye tundu lake. Samaki wa anemoni, yule mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, hugonganisha taya zake kwa nguvu. Namna anavyofanya hivyo ilielezwa na watafiti mwaka 2007. Pono unamsikia anapokula: mdomo wake mgumu ukikwangua matumbawe, mkwaruzo hunaswa vizuri tu.

Orodha ya kimataifa iliyochapishwa 2022 ilitaja spishi 989 za samaki zilizothibitishwa kutoa sauti zao wenyewe. Duniani kuna spishi za samaki zaidi ya 30,000. Pengo hilo lina sababu mbili: wengi hawajasikilizwa bado, na wengine ni wakimya kweli. Ukichagua njia ya sauti, utaishi na pengo hilo mpaka siku ya kutetea kazi yako.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa mambo sita: swali inaloweza kulijibu, siku inazokudai wewe mwenyewe baharini, inavyovumilia maji machafu, upepo na usiku, fedha na vifaa, kazi inayokusubiri ukirudi nyumbani, na mtu inayemfaa. Vibali nimeviweka peke yake mwishoni kwa sababu vinahusu njia zote.

Sikuvipa vigezo hivi uzito sawa. Kwa mkazi wa bara, siku za baharini zinabeba mzigo mkubwa kuliko vingine, kwa sababu ndani yake mna nauli, malazi, ruhusa ya kazini au chuoni, na hali ya hewa ambayo haikusubiri.

Njia ya kwanza: kinasa sauti chini ya maji

*Swali inalolijibu.* Inajibu "lini" na "wapi" vizuri kuliko inavyojibu "wangapi". Kinasa kikikaa mwezi mzima kitakuonyesha saa ambazo mwamba unachangamka, tofauti ya bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo), usiku ambao mlio fulani unazidi, na kama eneo linalolindwa linasikika tofauti na lisilolindwa. Samaki wengi huongeza milio alfajiri na jioni. Wengine hulia zaidi msimu wa kutaga, kwa hiyo sauti inaweza kukupeleka mahali pa mazalia bila kumgusa samaki hata mmoja.

Idadi ndiyo inayoshindikana. Milio mia moja inaweza kuwa ya samaki mia, au ya dume mmoja aliyekesha. Urefu na uzito havimo kabisa. Na kwa pwani yetu, sehemu kubwa ya milio utakayoinasa haitakuwa na jina la spishi. Utaiandika "aina A", "aina B", na kuendelea. Ni kazi halali ya kisayansi, lakini msimamizi wako aelewe hilo kabla hujasafiri.

Kuna swali moja ambalo njia hii inalijibu peke yake: baruti. Mlipuko wa uvuvi haramu husikika mbali sana majini. Mwaka 2015 watafiti walipita pwani ya Tanzania wakiburuta haidrofoni, yaani maikrofoni ya majini, nyuma ya chombo. Katika saa 231 za kusikiliza walithibitisha milipuko 318, na karibu asilimia 62 ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Mzamiaji angekuta matumbawe yaliyovunjika bila kujua yamevunjwa lini. Sauti ilitoa saa na mahali.

Sauti ina kazi kwa samaki wenyewe pia, na hili ndilo lililonivutia mimi kwenye somo hili. Watoto wa samaki wa matumbawe huanza maisha wakielea bahari kuu, kisha hutafuta mwamba wa kuhamia, na kelele za mwamba ni mojawapo ya vitu vinavyowaongoza. Katika jaribio lililochapishwa 2019, kule Lizard Island nchini Australia, marundo ya matumbawe yaliyokufa yaliwekewa spika zinazopiga sauti za mwamba wenye afya. Yalipata samaki mara mbili ya marundo yasiyo na sauti. Maana yake mwamba ulionyamaza hupoteza hata wito wa kuwaita wakazi wapya. Unaponasa sauti ya mwamba wa Tanga unakuwa umepima kitu ambacho samaki wanakitumia, na hilo si dogo.

*Siku zako baharini.* Siku moja ya kuweka, siku moja ya kutoa. Katikati unarudi Moshi kuendelea na vipindi vyako.

Hesabu ya nafasi uifanye mapema. Kinasa kinachochukua sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 16, hujaza gigabaiti 8.3 kwa siku kikinasa mfululizo. Milio mingi ya samaki iko chini ya Hz 2,000 (mitetemo 2,000 kwa sekunde), kwa hiyo sampuli 16,000 zinawatosha. Zinanasa hadi Hz 8,000, na mzigo unashuka mpaka gigabaiti 2.8 hivi kwa siku. Ukikipanga kinase dakika moja katika kila dakika tano, siku 30 zinaingia ndani ya gigabaiti 17. Memori kadi ya 32 inatosha, na betri nazo zinapata nafuu. Kama unawataka na kamba wadogo wa mwamba, nitakaowaeleza hapo chini, baki kwenye 48,000, maana mlio wao unapanda juu sana.

*Maji, upepo na usiku.* Giza na tope havikizuii kitu. Hapa ndipo njia hii inapozipita nyingine zote. Kinachokiharibia ni kelele: injini za boti, mvua kubwa, mkondo unaopita juu ya kinasa, na kitu chochote kinachogongana. Usitumie mnyororo; tumia tofali la zege na kamba, na kila ncha ikazwe isicheze. Kikikaa muda mrefu huota majani ya baharini na makombe, na sauti hufifia taratibu bila wewe kujua.

*Fedha na vifaa.* Vinasa vidogo kama HydroMoth vimeshusha sana bei ya kuingia kwenye kazi hii. Vya kitaalamu kama SoundTrap ni ghali mara nyingi zaidi, na tofauti unayoinunua ni upimaji: vinakuruhusu kuripoti nguvu halisi ya sauti na kuilinganisha na ya watafiti wengine. Cha bei nafuu kinatosha kulinganisha alfajiri na mchana, au mwamba mmoja na mwingine, ilimradi utumie vifaa vya aina moja na mpangilio mmoja. Programu za kuanzia, Audacity na Raven Lite, ni za bure.

*Kazi ya kurudi nayo.* Nyingi, kuliko watu wanavyodhani. Kitu cha kwanza utakachosikia si samaki. Ni mchakacho usiokoma kama vitunguu vilivyotumbukizwa kwenye mafuta ya moto. Hao ni kamba wadogo wenye gando moja kubwa: gando likifungwa kwa kasi huzaa kiputo, na kiputo kikipasuka ndipo mlio unapotoka, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2000. Mchakacho huo hutawala juu ya Hz 2,000.

Fungua faili la jioni kwenye Raven, ficha kila kilicho juu ya Hz 2,000, na picha ya sauti inabadilika. Vijistari vifupi vilivyosimama, vitatu vitatu au vinne vinne, chini ya Hz 1,000: kuna uwezekano mkubwa ni samaki. Mistari mirefu iliyolala sambamba, inayonenepa kisha kufifia ndani ya dakika kadhaa: boti imepita. Doa pana linalofunika kila kitu kwa ghafla na kuisha: kitu kimegonga kinasa. Baada ya muda jicho huzoea, lakini mazoea hayo yana gharama ya saa nyingi kwenye kiti.

Nina onyo kuhusu njia ya mkato. Kuna kanuni za hesabu zinazobana rekodi nzima kuwa namba moja ya "uchangamano wa sauti". Zilianzia kwenye utafiti wa nchi kavu, wa ndege hasa. Kwenye mwamba, kamba peke yao wanaweza kuipandisha au kuishusha namba hiyo bila samaki kubadilika. Zitumie kama nyongeza, usizifanye mhimili wa tasnifu.

Na saa. Vinasa vingi huandika muda wa kimataifa, ambao uko saa tatu nyuma ya wetu. Saa kumi na mbili jioni ya Tanga ni 18:00 kwa simu yako na 15:00 kwenye jina la faili. Nahodha akiandika "saa 12", wewe ukaandika "18:00" na mashine ikaandika "15:00", grafu ya jioni itaangukia alasiri. Chora safu tatu kwenye daftari na ujaze zote palepale botini.

*Inamfaa nani.* Mtu mwenye siku chache za baharini na miezi mingi ya mezani. Mwenye swali la tabia, msimu, usiku au kelele za binadamu. Anayeweza kuvumilia milio isiyo na majina.

Njia ya pili: kuzamia na kuhesabu kwa macho

*Swali inalolijibu.* Spishi zipi, wangapi, wakubwa kiasi gani, katika eneo linalojulikana. Unatandaza utepe wa mita 50, unahesabu mita 2.5 kila upande, unapata mita za mraba 250. Njia hii ilielezwa kisayansi Hawaii mwaka 1954 na imetumika kwenye miamba ya dunia nzima tangu hapo, kwa hiyo matokeo yako yana ndugu wa kulinganishwa nao. Inawakosa wanaojificha mapangoni, wanaotoka usiku, na wanaokimbia mapovu ya mzamiaji. Kwenye miamba inayowindwa kwa bunduki za mishale samaki hujifunza kumuogopa mtu, na hesabu hushuka hata kama samaki wapo.

*Siku zako baharini.* Zote ni zako. Usipozamia, hakuna data.

Hapa kuna jambo ambalo mkazi wa Arusha asilipuuze hata mara moja. Mzamiaji wa mtungi hutoka majini akiwa na naitrojeni iliyoyeyuka mwilini, na akipanda juu haraka, ambako hewa ni nyepesi, naitrojeni hiyo inaweza kufanya viputo kwenye damu na viungo. DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, linashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na angalau saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo, kabla ya kupanda ndege. Ushauri huo unahusu shinikizo la hewa la mwinuko wa mita 600 hadi 2,400. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Moshi inavuka 800. Basi la Arusha linakufikisha mwinuko uleule unaozungumzwa kwenye ndege. Ukizamia asubuhi na kukimbilia basi la mchana, umejiweka hatarini. Weka siku nzima ya mwisho bila kuzamia kwenye bajeti yako, na aliyepanga kuunganisha na kupanda mlima aongeze muda zaidi.

Anayehesabu kwa kuelea juu na miwani na bomba la kupumulia, kwenye nyasi bahari za maji mafupi, hana tatizo hilo.

*Maji, upepo na usiku.* Inataka maji safi. Kaskazi ndiyo inayokupendelea. Masika na kusi hukupa siku za kukaa ufukweni ukitazama mawimbi. Mdomo wa mto Pangani usahau.

*Fedha na vifaa.* Cheti cha awali kinakuruhusu mita 18, nacho ni cha kuanzia tu. Kuhesabu samaki huku unadhibiti mwili wako majini ni ujuzi mwingine. Ongeza mitungi, boti, na mwenzako wa kuzamia naye, maana hauzamii peke yako.

*Kazi ya kurudi nayo.* Ndogo. Ubao wa kuandikia majini unaingizwa kwenye kompyuta jioni ileile. Kazi kubwa ilikuwa kabla: kuwatambua samaki wengi kwa sekunde chache kila mmoja, wakiwemo watoto ambao rangi zao hazifanani na za wazazi.

*Inamfaa nani.* Anayetaka msongamano wa samaki kwa eneo, aliye tayari kuhamia pwani kwa wiki kadhaa.

Njia ya tatu: kamera yenye chambo

*Swali inalolijibu.* Nani anakuja kula. Unafunga kamera kwenye fremu, mbele yake mfuko wa wavu wenye kama kilo moja ya samaki wa mafuta waliopondwa, unaishusha na kuiacha dakika 60. Kuhesabu kila anayepita kungekufanya umhesabu yuleyule mara kumi, hivyo huchukuliwa idadi kubwa zaidi ya spishi moja iliyoonekana kwenye fremu moja ya video. Njia hii inawaleta chewa, changu, kolekole na papa, ambao mzamiaji huwakosa. Utafiti mkubwa wa papa wa matumbawe uliochapishwa 2020 ulitumia kamera za namna hii kwenye miamba 371 ya mataifa na maeneo 58, na karibu moja ya tano ya miamba hiyo haikuonyesha papa hata mmoja. Walaji wa mwani kama tasi na pono wanapita tu, usiwategemee sana.

*Siku zako baharini.* Chache kuliko za kuzamia, zaidi ya za kinasa. Fremu nne au tano zikishushwa kwa zamu, siku moja ya bahari tulivu inaleta kazi nyingi.

*Maji, upepo na usiku.* Mchana na maji safi. Taa zinawezekana usiku, ila zinabadilisha tabia ya samaki. Mkondo nao huamua harufu ya chambo inafika wapi, na eneo hilo huwezi kulipima kwa utepe.

*Fedha na vifaa.* Za kati. Fremu atakuchomelea fundi yeyote mzuri wa Arusha kabla hujasafiri. Chambo nunua dikoni asubuhi. Ukitaka urefu wa samaki unahitaji kamera mbili zilizopimwa pamoja.

*Kazi ya kurudi nayo.* Nyingi, lakini ya kutazama. Faida yake ni ushahidi: samaki usiyemjua unamsimamisha kwenye kioo na kumtumia mtaalamu.

*Inamfaa nani.* Mwenye swali la samaki wakubwa na wawindaji, asiye na cheti cha kuzamia.

Njia ya nne: kukaa dikoni

*Swali inalolijibu.* Kinachovuliwa, kwa chombo gani, kwa saa ngapi, na kinabadilikaje. Ukigawanya uzito kwa saa za uvuvi unapata kipimo kinachoeleweka na mwanasayansi na mvuvi vilevile. Hapa samaki yuko mkononi: unampima kwa rula, unampasua kuona mayai. Njia nyingine tatu haziwezi. Asiyevuliwa hutamwona, na mtego huchagua. Jarife la matundu makubwa halikuletei wadogo hata kama bahari imejaa wadogo.

*Siku zako baharini.* Zinaweza kuwa sifuri. Mkazi wa kijiji aliyefundishwa vizuri na kulipwa kwa haki ataendelea kupima wewe ukiwa Arusha. Kwa hiyo hii nayo, kama kinasa, inafanya kazi wakati haupo, na wanaosifia vifaa husahau kulisema.

*Maji, upepo na usiku.* Vyombo visipotoka, hakuna data, na kukosekana huko si dalili kwamba samaki wamepungua.

*Fedha na vifaa.* Nafuu kuliko zote: mizani, rula, simu ya picha, posho ya mpimaji.

*Kazi ya kurudi nayo.* Majina. Samaki yuleyule ni tasi hapa, chafi kule, na mbele kidogo tafi. Kila samaki apigwe picha pamoja na rula.

*Inamfaa nani.* Mwenye swali la kipato, lishe, usimamizi wa uvuvi, au bajeti ndogo.

Vibali na wenyeji

Ndani ya hifadhi ya bahari, kama ile ya silikanti (samaki wa kale wa kina kirefu) ya Tanga iliyotangazwa 2009 au kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani, unahitaji ruhusa ya Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Nje yake anza na halmashauri na kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa ufukwe (BMU), kwa barua ya chuo.

Kinasa sauti kina uzito wake hapa. Kinaweza kunasa mlipuko wa baruti, na siku hiyo unakuwa umeshika ushahidi wa jinai unaogusa kijiji kilichokupokea. Kaa na msimamizi na mamlaka kabla ya kukizamisha, mkubaliane rekodi hiyo itakwenda wapi. Wavuvi nao waambiwe ukweli wote kuhusu kifaa hicho. Wavalishe visikilizio, wasikilize mwamba wao. Wazee wa bahari wanaweza kukutajia wenyewe samaki mwenye mlio huo, na hilo hutalipata kwenye programu yoyote.

Kwa hali yako

Kama una safari mbili tu kwa mwaka na swali lako linahusu wakati (alfajiri, mwezi, msimu), chukua kinasa. Kama ripoti yako lazima iseme "samaki kadhaa kwa mita za mraba", zamia, na uombe wiki za kutosha pamoja na ile siku ya mwisho ya kupumzika.

Kwa mikokoni na midomo ya mito, ambako macho hayafiki, sauti na diko vinakwenda pamoja: kimoja kinakuambia shughuli za usiku, kingine kinakuambia nani anaishi humo.

Anayelinganisha ndani na nje ya hifadhi kwa samaki wakubwa afikirie kamera kwanza. Anayeandika kuhusu maisha ya wavuvi asipoteze fedha kwenye vifaa vya majini. Apeleke bajeti kwa wapimaji wa kijijini.

Ukiwa na nafasi ya njia mbili, ningekushauri uweke kinasa na kamera kwenye fremu moja, hata kwa saa chache. Samaki akionekana mbele ya kioo wakati uleule mlio unaposikika, na ikajirudia mara kadhaa, umeanza kuupa jina mlio ambao kwa pwani yetu pengine bado hauna. Kwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili huo ni mchango halisi.

Na kama hujawahi kushika haidrofoni, usiende kujifunzia Tanga. Bwawa la Nyumba ya Mungu liko kusini ya Moshi, na Ziwa Duluti liko Tengeru penyewe. Omba ruhusa, kizamishe kinasa usiku mmoja, uone kama kasha linavuja, kama saa iko sawa, na kama kamba inagonga. Hata huko hutasikiliza maji matupu: kwa baadhi ya spishi za perege, dume hutoa milio anapomtongoza jike, na ngogo hulia kwa mwiba wake kama hongwe wa baharini. Faili hilo moja litakutosha kujua kama unaweza kukaa na kazi hii mwaka mzima.